Jina Liitwalo Mlangoni

Harrow Neck, Massachusetts
9 Februari 1908

Dada yangu mpendwa Dorcas,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kimetulia. Mimi sijambo. Huku theluji imefika madirishani na karakana yetu ya mawe imefungwa, maana jiwe la granite lililoshikwa na barafu hupasuka ovyo. Nisalimie Mzee Jabez Codd na wazee wote wa kanisa. Waambie Reuben wa Tunnard mchonga mawe hajasahau wimbo hata mmoja.

Sasa sikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Mji huu niliohamia, kama ujuavyo, uliasisiwa na babu yetu Ephraim Tunnard, yule aliyewakimbia watu wa askofu mwaka 1634. Hapa wapo wazao wake kwa mamia, na wana chama chao. Mwenyekiti ni Mzee Lucius Whitcomb, mtu mwenye heshima zake, na siku hizi Jumapili mimi hula mezani kwake. Alipojua kwamba nimezaliwa Ketterby kwenyewe, na kwamba jina langu ni Tunnard halisi, aliinuka akanipa kiti chake. Septemba watasimamisha sanamu ya shaba ya Ephraim uwanjani, na kazi ya kuchonga maandishi ya msingi wake nimepewa mimi.

Wanataka pia nasaba yake ya Uingereza ipangwe sawasawa: alizaliwa na nani, alikulia wapi, aliacha nini. Mengi nimewapa mimi. Limebaki jambo moja dogo. Mwanachama mmoja kutoka Boston amesikia fununu kwamba Ephraim aliacha mke huko nyumbani. Hawa wote wa huku wametoka kwa Bi. Temperance, aliyemwoa hapa mwaka 1636. Unaona mwenyewe kwamba, kama yule wa kwanza alikuwa bado hai, hawa watakuwa wametoka wapi. Nimemwambia Mzee Whitcomb kwamba Judith, huyo mke wa kwanza, alikufa kabla Ephraim hajapanda chombo. Hakuna anayejua kwa hakika, kwa hiyo sioni dhambi yake. Ninachoomba ni Mzee Jabez aandike mistari miwili, kwamba huko Ketterby inajulikana Judith Tunnard alifariki mwaka 1633. Basi.

Niliwaeleza vilevile jinsi mnavyoliita jina la Ephraim kila Oktoba mlangoni pa ghala mnamosalia, baada ya miaka yote hii. Mzee Whitcomb alitoa leso akalia. Akasema hajapata kusikia heshima kama hiyo.

Mdogo wako akupendaye,
Reuben


Ketterby, Lincolnshire
2 Machi 1908

Mdogo wangu Reuben,

Hatujambo. Kifua changu kilipona miaka minne iliyopita, ambayo ndiyo miaka uliyokaa kimya. Maji ya mfereji yamepanda na kufunika shamba la chini, na mbweha ametuibia bata bukini wawili, mmoja yule mkali aliyekuwa akimfukuza kasisi. Mzee Jabez macho yamekwisha, ila masikio anayo yote mawili. Keziah hajambo. Amenipita kwa urefu, anawafundisha wadogo kusoma katika shule ya kanisa, na pua amechukua yako, maskini. Anakusalimu.

Sasa tuje kwenye hilo jambo lako dogo.

"Hakuna anayejua kwa hakika." Reuben, ulipoandika maneno hayo, mkono haukukuuma? Ulikuwa na miaka kumi na tisa baba alipokupa tindo na nyundo, akakupeleka bustanini nyuma ya ghala, akakwambia sasa ni zamu yako kulichonga upya jiwe la Judith, kama yeye alivyolichonga na babu kabla yake, ili mvua isilifute. Ulipiga magoti pale siku nzima. Nilikuletea mkate wa zabibu na chai. Ukalalamika kwamba katika mwaka wa kufa kwake ile tarakimu 6 inakusumbua, na ziko mbili zimefuatana. Elfu moja mia sita sitini na tano. Uliichonga wewe. Leo asubuhi nimekwenda kuipapasa kwa kidole changu, nisije nikasingiziwa kwamba nimezeeka.

Miaka thelathini na mmoja aliishi baada ya kuachwa. Nikukumbushe, kwa kuwa hewa ya Amerika inaelekea kula kumbukumbu. Ephraim alitoroka usiku kwa njia ya mto, akiahidi mbele ya ndugu wote wa kanisa kumtumia mkewe habari kabla mwaka haujaisha. Watu wa askofu walipomkosa walimchukua Judith. Akafungwa Lincoln kwa kukataa kusema mumewe yuko wapi, na mtoto wa tatu akamzaa gerezani kwenye majani makavu. Mimi na wewe tumetoka kwa mtoto huyo. Alipotoka alirudi kwa miguu amembeba, akangoja. Habari haikuja mpaka baharia mmoja alipopita kusema Ephraim ameoa, ana ng'ombe sita na mashamba.

Ndipo ndugu walipoanza kumwita. Hatumwiti kumsifu, ewe mtoto wa mama yangu, na unajua. Tunamwita aje ajibu. Sheria ya watu wetu ni kwamba mtu hahukumiwi akiwa amegeuza kisogo, wala hafutwi kabla ya kuitwa na kusikilizwa. Kwa hiyo mlango hufunguliwa, na mwanamke mkubwa wa tumbo la Judith humwita mara tatu: toka ulikojificha, uje useme kwa nini uliondoka bila ruhusa ya ndugu na bila mkeo. Judith mwenyewe alimwita kila Oktoba mpaka alipokufa. Halafu binti yake, halafu wengine, halafu nyanya, halafu shangazi Tabitha, na sasa mimi. Mwambie Mzee wako Whitcomb aikaushe leso yake.

Na hiyo sanamu! Mtu aliyekimbia nchi kwa kuchukia masanamu makanisani, leo wazao wake wanamyeyushia shaba wamfanye sanamu yeye. Kama angekuwa na haya ningemwonea huruma.

Mzee Jabez hataandika mstari hata mmoja. Nilipomsomea barua yako alisema tu, "Huyo kijana alikuwa na sauti nzuri," akaomba asaidiwe kurudi nyumbani.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la Keziah, nikidhani labda limejificha nyuma ya hilo la Whitcomb. Sikulipata. Ni binti yako, Reuben. Ulimwacha ana miaka miwili. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Dada yako,
Dorcas


Harrow Neck
19 Aprili 1908

Dada Dorcas,

Salamu. Nimefurahi kwamba nyote ni wazima, na pole kwa bata bukini. Huku barafu imeyeyuka na tumerudi kazini. Msingi wa sanamu umeletwa, jiwe zuri la kijivu lisilo na ufa, na natarajia kuanza kuchonga wiki ijayo.

Wewe tangu zamani una ulimi wa kufyekea magugu. Nilikuandikia kwa upole, ukanijibu kama mtu anayefukuza mbwa jikoni. Mimi najua ninachokijua kuhusu jiwe lile. Nakuuliza swali moja: Judith anadhurika nini? Amelala. Haoni njaa, haoni aibu. Wanaodhurika ni walio hai, watu wazima wenye familia zao, watakaoambiwa katika uzee wao kwamba ni wazao wa ndoa ya uongo. Hilo ndilo unalolitaka? Tangu lini ukweli ukawa rungu la kuwapigia watu ambao hata hujawaona?

Na kwa kuwa umeniuma, nitakwambia na lililobaki. Mzee Whitcomb ana binti, Bi. Adelaide, aliyefiwa na mumewe. Ni mwanamke mpole, mwenye akili. Tumekubaliana. Yeye na baba yake wananijua kama mtu ambaye hajapata kuoa. Sikupanga kusema hivyo. Niliulizwa mezani, watu wamekaa, nikajibu, na jibu likishatoka halirudi. Phoebe amekufa miaka kumi na miwili sasa, Mungu amrehemu. Kumtaja hakumfufui.

Kuhusu msichana unayekaa naye, namtakia kila heri. Katika furushi linalokuja na meli nimetia kitambaa cha hariri ya buluu, mmpe.

Sitaki tena maandishi ya Mzee Jabez. Naomba kimya tu. Yule bwana wa Boston akiwaandikia, msimjibu. Mzee Whitcomb naye amepata wazo ambalo sikuweza kulizuia: siku ya sanamu, jina la Ephraim litaitwa mara tatu uwanjani kama mnavyofanya huko, na wazao wote wataitika kwa pamoja, "Yupo hapa."

Usicheke.

Reuben


Ketterby
28 Juni 1908

Mdogo wangu Reuben,

Hatujambo. Viazi vimeota vizuri, mfereji umetulia, na mke wa shemasi amejifungua mapacha. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nikiandika na kuchana, nikiandika na kuchana, mpaka Keziah akaniambia nitamaliza karatasi ya shule.

Nilicheka. Ulinikataza na nilicheka hadi nikakaa chini. Watu mamia wavae kofia zao za Jumapili, waitwe kujibu kosa la kumtelekeza mwanamke mwenye mimba, na waitike kwa furaha kwamba yupo. Kisha kicheko kikaisha na hasira ikarudi mahali pake.

Unauliza Judith anadhurika nini. Alikaa gerezani kwa ajili ya mtu, na mtu huyo akaja kusema, kwa kinywa cha mjukuu wake, kwamba alikuwa amekwisha kufa. Kama hilo si dhara, basi sijui neno hilo linatumika kwa nini. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa ukijidai unawaonea huruma wazee wa Harrow Neck. Unamwua Judith mwaka 1633 ili uzoee, halafu iwe rahisi kumfanya Phoebe asiwe amezaliwa kabisa.

Phoebe alifunga sanduku lake mwezi ule ule ulioondoka. Uliwaambia ndugu wote pale ghalani, mbele ya meza ya Bwana, kwamba kabla mwaka haujaisha utawatumia habari yeye na mtoto. Sanduku lilikaa chini ya dirisha majira ya baridi mawili, yeye akitoa nguo za mtoto zilizokwisha kuwa ndogo na kutia nyingine kubwa. Kifua kilipomwua lilikuwa bado limefungwa kwa kamba. Sikukuandikia hayo wakati ule kwa sababu nilidhani yatakuumiza. Nilikuwa mjinga.

Barua yako nilimpa Keziah aisome. Ana miaka kumi na sita, anawasomesha wenzake, sitamficha barua ya baba yake. Aliisoma amesimama kisimani. Akaikunja.

"Shangazi, msichana unayekaa naye ni nani?"

"Ni wewe."

"Nilidhani labda tuna mpangaji."

Akaenda kupalilia viazi, akapalilia mpaka giza, na mistari miwili si ya kwetu, ni ya jirani. Aliporudi aliosha mikono, akasema, "Mwandikie hivi. Sitaki hariri. Sitaki kwenda Amerika, wala sitaki kumharibia harusi yake. Nataka aandike mstari mmoja kwa mkono wake: Keziah ni binti yangu. Anitumie mimi, si wewe. Sitamwonyesha mtu."

Nikamwambia, "Na akikataa?"

"Kwani ni mrefu mno?"

Hayo ndiyo maombi yake. Hariri tunafunikia chombo cha maziwa, nzi hawapiti.

Sasa nikwambie na lililotokea kanisani, ili usije ukasema ulifanyiwa kwa siri. Katika mkutano wa ndugu, Mzee Jabez alisimama akauliza mbona tunamwita wa zamani na wa juzi tunamwacha. Alisema Reuben Tunnard naye ni ndugu wa agano, aliahidi mbele yetu, akageuza kisogo. Kulikuwa na ubishi. Wengine walisema ni kukutia aibu. Mzee akajibu kwamba aibu unayo tayari, kinachokosekana ni kuulizwa. Wakakubaliana. Oktoba, baada ya jina la Ephraim, litaitwa lako, na mwenye haki ya kuita ni aliyeachwa. Ila kama ule mstari utafika kabla, hutaitwa.

Mwenyewe nilinyanyua mkono kukubali. Nataka ujue.

Keziah anakusalimu. Nilimuuliza kama niandike hivyo. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo.

Dada yako,
Dorcas


Harrow Neck
21 Septemba 1908

Dorcas,

Natumaini mu wazima. Mimi nipo.

Sanamu imesimamishwa. Kulikuwa na bendi, hotuba tatu, na nyama baridi kwenye meza ndefu. Msingi umesifiwa na kila mtu. Mzee Whitcomb alisimama ngazini akaliita jina, na watu wakaitika, mara tatu, hata njiwa wakaruka kutoka paa la mahakama. Adelaide alinishika mkono. Mimi sikuitika. Sijui kwa nini. Kinywa kilikataa kufunguka, na nilimwambia Adelaide vumbi la jiwe limenikaa kooni.

Sasa nisikilizeni nyote, wewe na Jabez na wote mnaokaa kwenye yale mabenchi mkijifanya Mungu amewaachia funguo. Mmenitia kitanzi na mnakivuta kwa kuimba zaburi. Nina miaka kumi na minne katika nchi hii. Nililala ghorofani juu ya mazizi ya farasi, nikala mkate wa jana, nikachonga makaburi ya watu nisiowajua mpaka vidole vikapinda. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniita wakati ule. Leo nimepata nyumba, nimepata jina, ndiyo mnakumbuka kwamba mimi ni ndugu wa agano? Huo mnauita upendo wa ndugu. Mimi nauita kijicho.

Yule bwana wa Boston ana binamu Lincoln. Jina langu likiitwa ghalani Jumapili, litazungumzwa sokoni Ijumaa, na kabla ya mwezi kwisha litakuwa kwenye meza ya Mzee Whitcomb. Harusi ni tarehe kumi na mbili Novemba. Kwa hiyo nawakataza. Jina langu lisitajwe katika ghala lile. Si Oktoba hii wala nyingine yoyote. Nitoeni. Nifuteni. Mimi si wa kwenu, simo, na sitaki kuitwa na mtu.

Na ule mstari siwezi kuuandika. Usidhani sikujaribu. Karatasi husafiri, Dorcas, hupita mikono mingi, na huyo mwenyewe ni mtoto, leo atasema hatamwonyesha mtu, kesho ataolewa na mtu mwenye mdomo.

Mwambie Keziah. Basi, usimwambie kitu.

R. T.


Ketterby
19 Oktoba 1908

Mdogo wangu Reuben,

Hatujambo. Mavuno ya shayiri yalikuwa ya wastani, mvua iliyawahi. Tumechinja nguruwe, nimeshindilia nyama yake kotimiri kama mama alivyokuwa akifanya, na Mzee Jabez alikula vipande vinne akalaumu chumvi. Mapacha wa shemasi wanaota meno.

Barua yako ilifika siku tano kabla ya mwito. Keziah ndiye aliyeipokea kwa tarishi, akanitazama nikiifungua. Akauliza, "Ndani kuna yangu?" Nikasema hakuna. Akaniomba nimsomee yote, nami nikamsomea yote, pamoja na funguo za Mungu na kijicho, na mwishoni nikamsomea jina lake na lile neno basi. Alichukua ndoo akaenda kukamua.

Jana tulikutana. Ghala lilijaa. Hata wale wanaokuja mara mbili kwa mwaka walikuja, maana habari husikika, hilo ulisema kweli. Shemasi alifungua mlango wa bustani, upepo ukaingia na harufu ya matufaha yaliyoozea majanini. Kutoka pale ndani unaliona jiwe la Judith.

Mzee Jabez aliuliza kama kawaida, "Nani yupo wa tumbo la Judith?" Kwa desturi ndipo ninaposimama mimi. Safari hii nilikaa, akasimama Keziah. Alikwenda hadi kizingitini akamwita Ephraim Tunnard mara tatu, polepole, akingoja baada ya kila mara. Ana sauti yako, ile Mzee aliyoisifu. Hakuna aliyejibu. Mzee akasema, "Hajaja. Shauri lake libaki wazi," nasi sote tukasema libaki.

Kisha akasema, "Kuna jina la pili." Watu wakaacha kukohoa.

Keziah alikuwa bado ameshika komeo. Akageuka. "Mzee, naomba kuuliza kwanza. Mtu akiitwa hapa, ina maana anangojewa?"

"Ndiyo, mwanangu. Hatumwiti tusiyemngoja."

"Na akija?"

"Akija atapewa benchi. Atasikilizwa mpaka amalize. Ataambiwa kosa lake usoni, na akilikubali, atakula nasi siku hiyo hiyo."

"Hata kama alikana?"

"Hata kama alikana. Kwani mlango tunaufungulia nani?"

Keziah akatazama nje, kisha akasema, "Basi mimi simwiti."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Mzee Jabez aliinuka kwa fimbo yake, akasema kwa upole, "Keziah, fikiri. Usipomwita wewe hakuna mwingine mwenye haki. Shauri lake halitakuwa wazi wala halitakuwa limefungwa. Halitakuwepo. Hakuna atakayemuuliza tena kitu, hata watoto wako."

"Najua, Mzee. Ameomba hivyo mwenyewe. Shangazi amenisomea." Akaufunga mlango, akatia komeo, akaja kukaa karibu nami. Mikono yake ilikuwa baridi.

Nilimkasirikia, Reuben. Ni lazima nikwambie. Nilimkasirikia mtoto yule njia nzima ya kurudi, kwa sababu mimi nilitaka uitwe. Miaka kumi na minne nimekuwa nikikutukana kichwani mwangu, nikifua, nikikanda unga, nikimzika mkeo, na mpaka jana sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nikikutukana kama mtu anavyomtukana yule aliyechelewa kula. Sahani yako nilikuwa sijaiondoa. Nilitaka siku moja mlango ufunguliwe uwepo pale umesimama, mzee, mnene, na viatu vya Kiamerika, nikuseme mpaka niishiwe pumzi, halafu nikukatie nyama. Mtoto aliliona hilo kabla yangu, akakataa kukutayarishia mahali.

Kwa hiyo umeshinda. Jina lako halikutajwa. Bwana wa Boston akiuliza, ataambiwa kweli tupu, kwamba katika ghala la Ketterby hakuna shauri la Reuben Tunnard. Oa kwa amani. Judith hatukumwua kwa ajili yako. Yeye alimtaka Ephraim arudi, kwa hiyo tutaendelea kumwita, na mwitaji ni Keziah kuanzia sasa, magoti yangu yamechoka kusimama.

Leo mchana nilimkuta bustanini na tindo la baba. Anasema herufi ulizochonga zimeanza kulika na hakuna Tunnard mwanamume wa kuzichonga upya, basi atazichonga yeye. Amekwisha kufika kwenye mwaka. Zile sita mbili zimemtoka vizuri kuliko zako.

Utaona kwamba katika barua hii hakuna salamu zake. Nilimuuliza mara tatu.

Dorcas